Natafuta matembezi mepesi ya jangwani: magofu ya kale na michoro ya mwambani, kusini mashariki mwa Utah

Ngamia_Mjini

Wakuu habari zenu. Naomba msaada wa kupanga safari, maana nimesoma mpaka macho yamechoka na kila ninachosoma kinazidi kunichanganya.

Tunaishi Phoenix, Arizona. Katikati ya Oktoba nina siku nne za mapumziko. Mama mzazi yuko kwetu, amekuja kuwaona wajukuu. Ana miaka 69, kwenye tambarare anatuacha wote nyuma, ila kwenye mteremko magoti yanamgomea. Watoto ni wawili, wa miaka 10 na 7. Mke wangu ana sharti moja tu: halali kwenye hema.

Ninachotaka ni kuona zile nyumba za mawe walizojenga watu wa kale kwenye kuta za makorongo, pamoja na michoro yao. Orodha yangu mpaka sasa ni Moon House, House on Fire, Butler Wash, Hovenweep, Mesa Verde, Newspaper Rock, na Monument Valley tukiwa njiani. Nikitoa siku ya kwenda na ya kurudi nabaki na siku mbili. Gari ni saluni ya kawaida. Inawezekana? Na haya mambo yanataka uzoefu, au hata sisi wa raba tunafaa?

Kiberenge

Vituo saba siku mbili? Mkuu, hayo siyo matembezi, hiyo ni ziara ya waziri. Mtashuka, mtapiga picha, mtapanda gari. Ngoja wajuvi waje, mimi nakaa hapa nasoma.

Msoma_Miamba

Ngamia, karibu. Upande huo nimeutembea misimu tofauti, kwa hiyo nitaandika kirefu. Asiye na muda aruke.

Anza kwa kupunguza. Mesa Verde iko Colorado na inakula siku nzima peke yake. Tena nyumba zake kubwa za genge, kama Balcony House, huingii bila kuongozwa na mhifadhi, na ndani kuna ngazi ndefu za mbao za kupanda. Newspaper Rock iko kaskazini zaidi, njia ya Indian Creek, mtapoteza nusu siku barabarani kwa ajili ya jiwe moja (zuri, sikatai). Moon House futa kabisa kwa safari hii. Wanaruhusiwa watu 20 tu kwa siku kwa kibali, kipande cha mwisho cha barabara kinataka gari la juu, na ukifika unashuka ukingo wa korongo kisha unapanda upande wa pili. Kwa magoti ya mama, hapana.

Lalieni Bluff. Ni kijiji kidogo kando ya mto San Juan, kina nyumba za wageni, na kutoka Phoenix ni mwendo wa saa sita hivi. Kwa hiyo hata siku ya kwanza haijapotea. Mkifika mchana, nendeni Sand Island, dakika chache tu kutoka Bluff. Hapo hamna kutembea kwa kusema: unaegesha gari, na ukuta mrefu wa mwamba uko mbele yako umejaa michoro nyuma ya uzio. Kondoo wa milimani wenye pembe za kujikunja, watu wenye mabega mapana, mpiga filimbi mwenye nundu.

Hapo ndipo pa kuwafundisha watoto kusoma mwamba kabla hamjaingia makorongoni. Mwamba ule umevaa ngozi nyeusi, utando wa manganizi na chuma uliojijenga polepole mno kutokana na vumbi na unyevu. Mchoraji aligonga ile ngozi kwa jiwe mpaka rangi ya ndani ikatokea. Miaka inavyokwenda, mahali palipogongwa panaanza kurudi weusi. Waulize watoto, kwenye ukuta mmoja, mchoro upi umefifia kuelekea rangi ya mwamba na upi bado unang'aa. Uliofifia kwa kawaida ndio mkongwe. Halafu waambie watafute farasi. Farasi wa kale walishatoweka bara lile zamani sana, wakarudi tu Wahispania walipowaleta, kwa hiyo mtu yeyote juu ya farasi amechorwa baada ya hapo. Mtoto wa miaka 10 akishaelewa hilo hutamtoa pale.

Hiyo ni michoro ya kuchonga. Ya rangi ni mingine, mara nyingi imejificha chini ya miamba iliyoning'inia ambako mvua haifiki, na mingi ni alama za viganja. Mtu alipaka kiganja rangi akakibandika ukutani, au alikiweka ukutani akapulizia rangi kukizunguka. Vingine ni vidogo, vya watoto.

Siku ya pili ni barabara ya 95, magharibi ya Blanding. Tokeni mapema, mpite Butler Wash bila kusimama, muende moja kwa moja Mule Canyon, tawi la kusini. Hapo ndipo ilipo House on Fire. Njia ni kama kilomita 1.6 kwenda na hizohizo kurudi, ndani ya sakafu ya korongo: mchanga, mawe, vivuli vya misonobari. Karibu yote ni tambarare, mpaka mwisho kabisa ambapo mnapanda kidogo kwenye mwamba mtupu hadi kwenye rafu ya magofu. Muda ndio muhimu. Mwamba wa juu una michirizi myekundu na ya manjano, na kati ya saa nne na saa tano asubuhi jua linapiga sakafu ya jiwe mbele ya magofu, mwanga unaruka juu, na ile michirizi inawaka kama ndimi za moto zinazotoka kwenye paa. Ukifika saa tisa alasiri utauona mwamba, moto hutauona.

Watu wengi wakishapiga picha wanageuza. Kaeni. Zile siyo nyumba za kuishi, ni maghala. Milango midogo ile ilikuwa inafungwa kwa bamba la jiwe na kuzibwa kwa udongo ili panya na unyevu visiingie kwenye mahindi. Tazameni udongo katikati ya mawe: pengine mtaona alama za vidole vya aliyeukandika. Kwangu mimi hiyo inashinda moto wote ule.

Mkirudi, simameni kwenye kiva ya Mule Canyon kando ya barabara, imejengewa paa la kuikinga, hatua chache kutoka maegesho. Kiva ni chumba cha mviringo kilichochimbwa ardhini, cha ibada na mikutano. Kuleni hapo. Kisha Butler Wash, kama kilomita 1.6 kwenda na kurudi juu ya mwamba mtupu, mkifuata vichuguu vya mawe vilivyopangwa kuonyesha njia. Mnaishia kwenye ukingo na magofu mnayaona ng'ambo ya korongo, chini ya paa la mwamba. Chukueni darubini.

Siku ya tatu Hovenweep, nitaieleza baadaye, nimechoka kuchapa.

Dereva_wa_Usiku

Msoma_Miamba umemaliza kazi. Mimi naongeza moja tu: kutoka Phoenix mtapita Mexican Hat, sasa msiende Bluff kizembe, pandeni Moki Dugway! Barabara ya 261 inapanda ukuta wa mlima kwa kona za kukunjana, changarawe, kushoto ukuta kulia hewa. Juu unaona mpaka Monument Valley. Bure kabisa.

Shangazi_wa_Wote

Dereva, mwanangu, kuna bibi wa miaka 69 humo ndani ya gari. Hiyo "kulia hewa" unamuuzia nani?

Ngamia, mimi nimewapeleka wazazi wangu wote wawili huko, nitasema ya upande wangu. Mtafutie mama fimbo mbili za kutembelea, siyo moja. Kwenye kushuka zinabeba uzito kabla goti halijaubeba. Ashuke kwa hatua fupi, kwa mshazari, na asisubiri kuumwa ndipo apumzike. Usimtangulize mbele "atuongoze mwendo" kwa heshima halafu wote mkamsukuma kwa nyuma. Mpe mtoto mmoja kazi ya kutembea na bibi, mtaona mwendo wenyewe unatulia.

Maji ni lita 4 kwa mtu kwa siku, na yote mnatoka nayo mjini, msitegemee vijito. Oktoba haichomi kama Julai ndiyo maana watu wanajisahau. Hewa kavu inakunyonya bila jasho kuonekana. Halafu nguo. Ile nyanda ya Cedar Mesa, ambako ndiko iliko House on Fire, iko kwenye mita 1,900 hivi, mwinuko unaokaribia wa Njombe, na asubuhi ya Oktoba itawashika vilevile. Sweta na kofia ya jua kwenye begi moja.

Na lingine ambalo watu hawalisemi. Ndani ya magofu na mapangoni kuna panya wa porini wanaobeba virusi vya hanta. Mwaka 1993 ugonjwa huo uliua watu eneo hilihili ambapo majimbo manne yanakutana. Mtu anaupata kwa kuvuta vumbi lenye mkojo na kinyesi cha panya. Kwa hiyo mtoto asiingize kichwa kwenye ghala, asifukue vumbi, na msile mkiwa mmekaa ndani ya magofu.

Dereva_wa_Usiku

Shikamoo Shangazi, nimefuta usemi 😂

Shangazi_wa_Wote

Marahaba. Siku ukiwa peke yako pita, hakuna anayekukataza.

Msoma_Miamba

Nakazia ya Shangazi kuhusu Dugway. Ile njia ilichongwa miaka ya 1950 ili malori yashushe mawe ya urani kutoka machimboni, haikutengenezwa kwa starehe ya mtu. Inateremka zaidi ya mita 300 ndani ya kilomita 5 hivi. Saluni inapita bila shida ikiwa pakavu, lakini abiria mwenye hofu ataharibikiwa na siku nzima. Piteni barabara ya 163 hadi Bluff, lami tupu, na Monument Valley mnaiona dirishani mkipita. Ukitaka kuingia ndani kwenyewe, hiyo ni hifadhi ya Wanavajo, moja ya mataifa ya wenyeji asilia, ina kiingilio chake na inataka muda wake.

Sasa Hovenweep. Iko mpakani mwa Utah na Colorado, chini ya saa moja na nusu kutoka Bluff hata ukienda polepole, haina kiingilio, na kwa familia yako mimi naona ndiyo siku bora kuliko zote. Kutoka kituo cha wageni kuna njia ya lami ya mita 270 hivi hadi ukingoni mwa korongo dogo. Hata mtu wa kiti cha magurudumu anafika. Ukisimama pale unaona minara mbele yako: ya mraba, ya mviringo, yenye umbo la herufi D, mingine imesimama juu ya mwamba mmoja mkubwa uliojitenga. Mama akiishia hapo ameshaona. Wewe na watoto zungukeni korongo lote, kilomita 3.2, njia iko wazi. Sehemu moja tu ndiyo ya kazi, mnashuka mpaka sakafuni na kupanda upande wa pili, kama mita 24. Kama mama anataka kutembea zaidi, afuate ukingo mpaka Hovenweep Castle kisha arudi njia ileile, asishuke.

Msiondoke bila kuitazama Square Tower, ule mnara ulio chini kabisa, kichwani mwa korongo. Mtu mwenye akili anayejenga mnara kwa ajili ya kuona mbali haujengi shimoni. Ila chini pale kuna chemchemi. Ukishajua hilo, majengo yote yaliyobaki yanajieleza: yamezunguka maji.

Sehemu kubwa ya minara ile ilijengwa kati ya mwaka 1200 na 1300, na kabla karne ile haijaisha watu walikuwa wameondoka. Watoto watauliza mnajuaje. Jibu liko kwenye boriti. Kila mti ukikua unaweka pete moja kwa mwaka, nene mwaka wa mvua, nyembamba mwaka wa ukame. Mtaalamu wa nyota A. E. Douglass, aliyeanza kuhesabu pete za miti kwa sababu alikuwa anachunguza jua, aliunganisha pete za boriti za magofu na za miti iliyo hai mwaka 1929, na tangu hapo boriti nyingi zinatajwa mwaka zilipokatwa. Pete hizohizo ndizo zinazoonyesha ukame mkali wa 1276 hadi 1299.

Lakini msiwaambie watoto kwamba ukame "uliwamaliza". Hawakuisha. Walihama kuelekea kusini na mashariki, na wajukuu wao ni Wahopi, Wazuni na jamii nyingine za Wapueblo walio hai leo New Mexico na Arizona. Wewe unakaa Phoenix, ndugu. Umekaa jimbo moja na watoto wa wajenzi.

Mjukuu_wa_Kolo

Uzi mzuri huu. Ila mimi nina swali la kiswahili kabisa: hamwogopi? Magofu ya watu walioondoka, milango ya giza, viganja ukutani. Kwetu Kondoa ile michoro ya Kolo iko kwenye urithi wa dunia tangu 2006, wageni wanakuja na kamera, lakini pale Mungomi wa Kolo wenyeji bado wanafanya matambiko. Huendi tu pale kama unaenda sokoni. Huko Utah ikoje?

Msoma_Miamba

Mjukuu, umegusa penyewe, na nashukuru kwamba swali limetoka kwetu maana watalii wengi hawaulizi.

Ni vilevile. Wahopi na Wazuni wanasema waziwazi kwamba wahenga wao bado wako kwenye zile nyumba, na kwamba jengo lililoachwa lina haki ya kuanguka lenyewe taratibu. Sehemu kubwa ya eneo tunalozungumzia iko ndani ya Bears Ears, ambayo Rais Obama aliitangaza kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa Desemba 2016 baada ya mataifa matano ya wenyeji kuungana kuiomba: Wahopi, Wanavajo, Wazuni, na makundi mawili ya Waute. Mwaka uliofuata Trump aliikata kwa asilimia 85 hivi, na 2021 Biden akairudisha. Wanasiasa wakivutana, wale wazee walikuwa wanaongelea makaburi ya bibi zao.

Kwa hiyo mimi nikifika huwa nasalimia. Kimya, kwa Kiswahili. Sijui kama wanaelewa, lakini mtu akifika kwenye nyumba ya watu bila kubisha hodi hata kwetu anaonekana hana malezi.

Kwa vitendo maana yake ni hii: usiegemee ukuta, usipande juu ya ukuta, usiingie chumba ambacho hakijafunguliwa kwa wageni. Usiguse michoro, mafuta ya vidole yanaharibu rangi na kesho hakuna atakayeweza kuipima. Usitie maji kwenye mchoro ili "uonekane vizuri kwenye picha", wapo wanaofanya upuuzi huo. Na mtakuta vigae vya vyungu na magunzi madogo ya mahindi ya miaka 800. Mkivitazama, viacheni palepale mlipovikuta. Kuna tabia ya wageni kuvikusanya juu ya jiwe moja kama maonyesho. Kigae kikishahamishwa kimepoteza habari ya mahali kilipoangukia, na hiyo ndiyo ilikuwa thamani yake.

Kiberenge

Sasa mkuu, wewe mzoefu, dondosha pini za yale magofu ambayo hayako kwenye vibao. Yale ya siri. Sisi hatutasema.

Msoma_Miamba

Sidondoshi 😄

Na siyo uchoyo. Sehemu zote nilizomtajia Ngamia zina vibao, zina njia, ziko kwenye ramani za wahifadhi wenyewe, zimeandaliwa kupokea watu. Magofu mengine hayana hata mlinzi. Ukirusha pini leo, mwezi ujao kuna njia kumi za miguu zimekatiza kwenye ukoko wa udongo na mtu ameshaandika jina la mpenzi wake ukutani.

Kuna sababu nyingine ya kutisha zaidi. Biashara ya vyungu vya makaburini ni kubwa kule. Sheria ya 1979 ya kulinda mali za kale inakataza kuchukua kitu chochote cha zaidi ya miaka 100 kwenye ardhi ya serikali au ya mataifa ya wenyeji, na kosa la kwanza tu linaweza kukutoa dola 10,000 na mwaka jela, zaidi kama kitu kina thamani kubwa. Juni 2009 serikali kuu ilifanya msako, watu zaidi ya 20 wakashtakiwa, wengi wao wakazi wa palepale Blanding na miji ya jirani. Mpaka leo ni jeraha, kwa hiyo mkikaa mgahawani msianzishe mada hiyo kwa sauti.

Shangazi_wa_Wote

Eleza ukoko wa udongo, maana watoto wataukanyaga wakidhani ni uchafu.

Msoma_Miamba

Kweli Shangazi. Pembeni ya njia mtaona udongo mweusi wenye vinundu vinundu, umekauka. Ni kiumbe hai, mchanganyiko wa bakteria, kuvu na mimea midogo kabisa inayoshika mchanga usipeperuke na kuuwekea naitrojeni. Hatua moja inauvunja na unachukua miaka mingi kurudi. Tembeeni kwenye njia, kwenye mwamba mtupu, au kwenye mchanga wa mkondo mkavu. Huyo wa miaka 7 mpe cheo cha mlinzi wa ukoko, atawagombeza nyote.

Ngamia_Mjini

Wakuu nimesoma kila neno, nimemsomea na mama. Aliposikia habari ya kusalimia akasema "huyo kalelewa." Mpango mpya ni huu: siku ya kwanza Bluff na Sand Island, ya pili House on Fire, kiva na Butler Wash, ya tatu Hovenweep, ya nne nyumbani. Nimetoa vinne kwenye orodha na sijisikii vibaya.

Nina maswali mawili. Kibali cha House on Fire nakipata wapi? Na utabiri wa hali ya hewa unaonyesha uwezekano wa mvua siku ya pili. Ni kitu cha kuhofia au manyunyu tu?

Msoma_Miamba

Kibali cha matembezi ya mchana kwa makorongo ya Cedar Mesa ni dola 5 kwa mtu kwa siku, na unaweza kulipia mtandaoni. Lipia ukiwa bado Phoenix, kisha hifadhi uthibitisho kwenye simu, maana kule mtandao wa simu hushiki. Ramani nazo pakua kabisa kabla ya kutoka. Ukitaka kuongea na mhifadhi, kituo cha Kane Gulch kiko barabara ya 261 na Oktoba kinakuwa wazi, ila asubuhi tu. Na angalia saa: Arizona haisogezi saa, Utah inasogeza, kwa hiyo Oktoba wao wako mbele yenu kwa saa moja. Njiani mkipita ardhi ya Wanavajo, nao wanasogeza hata wakiwa Arizona. Simu itarukaruka, usiogope. Ile saa nne ya House on Fire ni saa nne ya Utah.

Mvua ndiyo suala zito. Mule Canyon ni mkondo wa maji, kukauka kwake kusikudanganye. Mwamba haunywi maji. Mvua ikinyesha juu kwenye nyanda, hata kama juu yako ni jua, yote inakusanyika inateremka korongoni kwa mkupuo. Ukiona maji yanageuka tope, au yanaanza kutiririka palipokuwa pakavu, au ukasikia mngurumo, pandeni upande wa korongo hapohapo, begi liache. Msisubiri kuona.

Lakini siyo kusubiri mpaka mfike humo. Asubuhi ya siku hiyo mpigie simu mhifadhi au pita umuulize. Wakisema kuna hatari ya mafuriko ya ghafla, hamuingii korongoni, hakuna mjadala. Pia kile kipande cha barabara ya udongo kuelekea mwanzo wa njia kikilowa kinakuwa utelezi ambao hata 4x4 inalala, sembuse saluni.

Mkinyeshewa, nendeni Blanding kwenye makumbusho ya Edge of the Cedars. Siyo nafasi ya kujifariji, mimi ningepita hata bila mvua. Nyuma ya jengo kuna kijiji halisi cha kale, na kiva ambayo mnaruhusiwa kushuka ndani kwa ngazi. Hiyo ndiyo ya kuingia, nyingine hapana. Ndani kuna vyungu vingi mno, na mshipi uliotengenezwa kwa manyoya mekundu ya kasuku wakubwa wa aina ya macaw, mshipi wa miaka ya 1150 hivi. Kasuku hao hawaishi jangwani. Wanatoka misitu ya joto ya Meksiko. Ina maana kuna mtu alibeba ndege, au manyoya, mamia ya maili kwa miguu, maana farasi hawakuwapo bado. Mama atakaa mbele ya kabati hilo kuliko nyie wote, nakuhakikishia.

Mvua ikikatika na siku ya tatu ikawa njema, badilisheni: Hovenweep inasubiri, House on Fire nendeni siku hiyo.

Dereva_wa_Usiku

Mafuta jazeni Bluff au Blanding. Ukishaikamata 95 kuelekea magharibi usitegemee kituo. Na kama mnafika Blanding Jumapili, nunueni chakula Jumamosi, maduka mengi yanafungwa.

Ngamia_Mjini

Ahsante Dereva, umeokoa jahazi, siku ya pili yetu ni Jumapili. Swali la mwisho kabisa, la mama: choo?

Shangazi_wa_Wote

Swali la maana kuliko yote, na wanaume wawili wameandika kurasa nzima bila kuligusa. Vipo Butler Wash na pale kwenye kiva ya barabarani, vya shimo, havina maji, kwa hiyo beba karatasi na kitakasa mikono. Pitieni pale kwenye kiva kwanza, hata kama mtarudi hapo kula, ndipo muingie korongoni. Karatasi iliyotumika njiani inarudi na wewe kwenye mfuko, jangwani haiozi.

Na kabla hujatupandishia picha hapa, zima kipengele cha mahali kwenye simu.

Ngamia_Mjini

Nimezima tayari, Shangazi. Vibali nimelipia usiku huu, vitano. Watoto wameshaanza kugombania darubini.